Mwenzetu wa Darasani Amefariki: Somo Kuhusu Msiba Unaotufikia Ukiwa Umechelewa

Ndugu wanakamati, na ninyi wahisani mnaotusoma kutoka mbali, somo la robo hii linahusu msiba usiokuwa na jamvi. Mtu anapata habari kwamba aliyesoma naye miaka thelathini iliyopita, aliyelala naye bweni moja na kuchangia naye ndoo ya maji, amefariki. Hakufariki jana. Alifariki miaka minane iliyopita, akazikwa, matanga yakaanuliwa, na kaburi limeshaota majani. Anayeipata habari hiyo hana pa kwenda kukaa. Mke wake hamfahamu marehemu. Majirani hawaji kumpa pole, maana hakuna kilio kilichosikika nyumbani kwake. Kesho yake anakwenda shamba au kazini kama kawaida, naye ana uzito moyoni ambao hajui amweleze nani.

Tumeamua kuliandikia somo jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wa namna hiyo wako wengi katika parokia zetu, na wengi wao wana umri ule ule wa kuketi kwenye kamati. Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoshughulika na wajane na yatima: mtu aliyesoma na marehemu mara nyingi ana kitu mkononi ambacho familia ya marehemu inakihitaji sana, wala hajui kama anacho.

Jinsi walivyopoteana

Kijana wa leo anaweza kushangaa kwamba watu walioishi pamoja miaka minne waliweza kupoteana kabisa. Waliosoma sekondari Tanzania Bara miaka ya 1970 na 1980 hawashangai. Serikali iliwapanga wanafunzi katika shule za bweni za mikoa mbalimbali, ili mtoto wa Kagera akae dawati moja na mtoto wa Mtwara, na wa Kigoma ale meza moja na wa Tanga. Mpango huo ulisaidia sana kujenga taifa moja lenye lugha moja. Lakini siku mtihani wa mwisho ulipokwisha, kila mmoja alipanda treni au basi kwenda kwao, na kati ya kwao na kwa mwenzake palikuwa na safari ya siku mbili au tatu. Waliofika kidato cha sita walipitia Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kwao lilikuwa la lazima hadi mwaka 1994 (likarudishwa mwaka 2013), kisha wakapangiwa vyuo, kisha wakapangiwa kazi, na kila mara ilikuwa ni mkoa mwingine.

Anwani nazo hazikuwa za kudumu. Mwanafunzi aliandikiwa barua kwa sanduku la posta la shule, la misheni, au la mjomba aliyeajiriwa mjini. Mjomba akihamishwa, anwani imekufa. Halafu ilikuja Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, na wapo waliorudi likizo wakakuta kwao kumehamishwa. Barua iliyotumwa kwa jina la kitongoji cha zamani ilirudi, au haikurudi wala kufika.

Kuna pia suala la majina, ambalo tutalirudia kwa kirefu. Shuleni watu walijuana kwa majina ya utani. Mwenye mwili mkubwa aliitwa Kontena, mwenye maneno mengi aliitwa Redio, na walimu wenyewe walikuwa na yao. Ukimwuliza mzee leo jina kamili la aliyelala kitanda cha juu yake, atakutajia la utani kwanza, halafu atakaa kimya akitafuta lingine.

Jambo hili la majina lilikuwa na athari kwenye redio. Kabla ya simu za mkononi, ambazo zilianza nchini mwaka 1994 na kufika vijijini katika miaka ya 2000, habari za msiba zilikwenda kwa simu ya maandishi, kwa kondakta wa basi, na zaidi ya vyote kwa matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Wakubwa wanayakumbuka matangazo yale. Nyumba nzima ilinyamaza. Msomaji alitaja aliyefariki, mahali pa mazishi, halafu watu ambao habari ziwafikie: fulani wa Mwanza, fulani wa Songea, fulani wa kiwanda fulani. Waliotajwa ni ndugu. Mwanafunzi mwenza hakutajwa. Yeye alikuwa ndani ya neno moja la mwisho, marafiki popote walipo, na kama marehemu alimjua kwa jina la utani, basi jina lililosomwa redioni lilimpita sikioni kama la mtu baki. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wasomaji wetu walisikia kwa masikio yao tangazo la kifo cha rafiki yao wa shule, wakaendelea kula chakula cha usiku.

Na kuna sababu ambayo watu hawapendi kuitaja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufika mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa zilianza kutolewa bure kwa wagonjwa wengi mwaka 2004. Hesabu wenyewe miaka iliyo katikati. Waliomaliza shule mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 waliingia miaka hiyo wakiwa vijana wenye kazi na mishahara. Wengi wao walirudi vijijini kimyakimya wakiwa wagonjwa, na familia zikazika bila kutangaza mbali, kwa kuogopa maneno. Kwa hiyo mtu anaposema juu ya mwenzake wa darasani kwamba alipotea tu, mara nyingine huko kupotea kulikuwa kurudi nyumbani kufa.

Habari ya mwalimu mstaafu

Katibu wa kamati moja ya parokia, mwalimu mstaafu, alitusimulia habari yake mwenyewe kwenye semina, na ametupa ruhusa ya kuiandika bila kutaja majina. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979 katika shule ya bweni mkoani Tabora. Mwaka 2014 mwanafunzi mwenzake mmoja aliyekuwa Dar es Salaam alianza kuwakusanya wenzake kwa simu, akatuma orodha ya darasa. Mbele ya majina kadhaa paliandikwa neno moja, marehemu. Mojawapo lilikuwa jina la jirani yake wa dawati. Alikuwa amefariki mwaka 2006, na mjane wake alikuwa akiishi wilaya ya pili tu kutoka kwa mwalimu, mwendo wa saa tatu kwa basi.

Mwalimu anasema kilichomshangaza ni kwamba alilia. Alikuwa amezika wazazi na kaka yake bila kutoa machozi mbele za watu, na sasa alikuwa anamlilia mtu ambaye hakumwona kwa miaka thelathini na mitano. Tulipojadiliana kwenye semina, mama mmoja alitoa maelezo ambayo tunaona ni ya kweli. Alisema ndugu uliyeishi naye umemwona akizeeka, ukamwona akiugua, na kifo chake umekisogelea hatua kwa hatua. Yule wa shuleni kwako wewe hajazeeka. Amebaki na miaka kumi na saba. Kwa hiyo anayekufa siku ile unayopata habari ni kijana, hata kama waliomzika walimzika mtu mzima mwenye mvi.

Baada ya majuma mawili mwalimu alipanda basi. Alichukua kilo chache za mchele na sukari, na picha moja ya darasa iliyopigwa mwaka wa mwisho, wavulana wamepanga mistari mitatu mbele ya ukumbi. Alipofika hakuanza na maelezo. Aliketi, akasema, "Shemeji, pole. Habari nimeipata mwezi uliopita." Mjane akamjibu, "Ahsante, shemeji. Umefika." Kisha akalia upya, na mwalimu akamwacha alie.

Walimwonyesha kaburi. Waliporudi alitoa ile picha. Kulikuwa na mtoto wa mwisho wa marehemu, wakati ule mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Huyu alimjua baba akiwa amelala kitandani tu. Mwalimu alimwonyesha baba yake kwenye mstari wa nyuma, akamweleza kwamba huyu ndiye aliyeshinda mbio za mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya shule, akiwa peku. Mtoto akauliza, "Baba alikuwa anakimbia?" Akauliza hivyo mara mbili. Mama yake naye hakuwa anajua, kwa kuwa walioana baada ya miaka mingi na mumewe hakuwa mtu wa kujisifu.

Majina mawili ya mtu mmoja

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo kamati zinapaswa kulishika vizuri. Wakati mwalimu anaikunja picha ili aondoke, mjane alisoma nyuma yake orodha ya majina, akauliza mbona mume wake ameandikwa hivi. Shuleni marehemu aliandikishwa kwa jina la ubatizo na jina la baba yake. Kijijini alijulikana kwa jina la ukoo. Cheti cha kifo kilitoka kwa jina la ukoo, kwa sababu ndilo mwenyekiti wa kijiji aliloandika kwenye barua. Lakini kadi ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii ilifuata vyeti vya shule. Kwa miaka minane mjane alikuwa akienda na kurudi, na kila mara akiambiwa kwamba aliyefariki na aliyechangia mfuko ni watu wawili. Kaka wa marehemu, ambaye angeweza kusema kitu, naye alikwisha kufariki.

Mwalimu aliyajua majina yote mawili. Shuleni alimjua kwa lile moja, na likizo moja alikwenda kwao akasikia bibi yake akimwita kwa lile jingine. Alikula kiapo mbele ya wakili kwamba majina yale ni ya mtu mmoja, akaambatisha nakala ya picha, na mzee mwingine wa kijiji akaapa vilevile. Shauri halikuisha siku hiyo. Ilibidi pia kupata barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ambayo familia haikuwa nayo. Malipo yalitoka baada ya mwaka na zaidi. Fedha hazikuwa nyingi, na mtoto wa kwanza alikuwa ameacha shule zamani kwa kukosa ada. Yule mdogo aliendelea.

Tunaomba wanakamati wasiisome habari hii kama bahati ya mtu mmoja. Karibu kila parokia ina mjane ambaye karatasi zake hazilingani. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la babu na jina la ukoo, na kila ofisi ikachukua mawili yaliyokuwa mdomoni mwa karani siku ile. Akiwa hai anajieleza mwenyewe. Akifa, anahitaji watu waliomjua katika vipindi mbalimbali vya maisha yake, na kipindi cha shule ndicho chenye cheti. Aliyekaa naye dawati moja ni shahidi ambaye ndugu wengi hawamkumbuki kumtafuta.

Kwa faida ya kamati changa, tukumbushane machache. Kwa Tanzania Bara, kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, chini ya Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na kazi hiyo tangu mwaka 2006 iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, wenye ofisi wilayani. Muda ukipita kifo bado kinaweza kuandikishwa, ila ushahidi unaotakiwa unaongezeka, na hapo ndipo kibali cha mazishi na barua ya kijiji vinapokuwa na thamani. Visitupwe. Mifuko nayo imebadilika majina. NPF ya zamani iligeuka NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa mwaka 2018 ikapatikana PSSSF. Mjane mwenye kadi ya mfuko ambao haupo tena asiambiwe na majirani kwamba haki yake imekufa pamoja na mfuko. Aulizie kwa mrithi wa mfuko huo.

Mfano wa Daudi na mwana wa Yonathani

Kamati nyingi huanza kikao kwa tafakari, na kwa somo hili tunapendekeza kisa cha Mefiboshethi, kilichomo katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9. Kisomwe pamoja na mstari wa 4 wa sura ya 4, la sivyo kitaonekana kifupi.

Daudi na Yonathani walipendana wakiwa vijana, na waliahidiana kwamba kila mmoja ataitendea mema nyumba ya mwenzake. Yonathani aliuawa vitani mlimani Gilboa pamoja na baba yake Sauli. Habari ya kifo ilimfikia Daudi mapema, siku ya tatu baada ya kurudi Siklagi. Kilichochelewa ni kuulizia waliobaki. Yonathani aliacha mtoto wa miaka mitano, ambaye yaya alikimbia naye siku ile ya habari mbaya, akamwangusha, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alipokuja kuuliza kama kuna aliyesalia, mtoto yule alikuwa mtu mzima mwenye mwana wake mwenyewe, Mika, naye alikuwa akikaa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Maandiko hayatoi hesabu ya miaka, lakini mtoto wa miaka mitano hawi baba kwa muda mfupi.

Angalieni mfalme alivyofanya. Aliuliza kwanza. Hakungoja aliyefiwa aje kupiga hodi. Alimtoa hofu, maana mwana wa ukoo wa mfalme aliyetangulia alikuwa na kila sababu ya kudhani ameitwa auawe; na wajane wetu nao, wanapomwona mgeni wa mjini aliyevaa suti akiulizia mali za marehemu, hawana sababu ya kufurahi mara moja. Kisha akamrudishia mashamba ya babu yake. Chakula mezani kilikuja pamoja na shamba. Hakikuchukua nafasi yake. Sisi wa mashirika ya maendeleo tuna tabia ya kuishia kwenye chakula.

Wala kisa hakimalizikii kwenye karamu. Siba, mtumishi aliyepewa kazi ya kulima mashamba yale, baadaye alimsingizia bwana wake mbele ya mfalme akapewa mali yote, na mwishowe Daudi akaamua igawanywe kati yao wawili (sura ya 16 na ya 19). Mtu mwenye uzoefu wa mashauri ya mirathi hatashangaa. Shamba la marehemu mara nyingi lina mtu anayelisimamia kwa niaba ya watoto, na mavuno yake hayajulikani yanakwenda wapi. Rafiki wa shule anayekwenda kutoa pole asiingilie ugomvi wa ukoo, lakini akiona mambo hayaendi sawa awaeleze wanakamati wa parokia ile, ambao wanawafahamu wahusika.

Kwenda kutoa pole baada ya miaka

Wengi wanaogopa kwenda. Wanasema, nitaonekana nimekuja kufukua kidonda, au, nitaulizwa nilikuwa wapi. Uzoefu wa kamati zetu ni kwamba wafiwa hawaulizi hivyo mara nyingi kama tunavyohofia. Kwa kawaida majirani wa karibu wameacha kumtaja marehemu baada ya miaka miwili mitatu, na mgeni anayekuja kumtaja kwa jina analeta faraja. Tangulizeni habari kupitia katekista au mjumbe wa mtaa, msiwatokee watu ghafla. Mkifika, mgeni akae apewe maji, aseme pole, na maelezo ya kuchelewa yawe mafupi. Aombe kuonyeshwa kaburi. Asiulize marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Akiambiwa, asikilize, asiposikia kitu aache hivyo hivyo.

Na asiende mikono mitupu, ingawa hapa simaanishi sukari pekee. Apeleke kumbukumbu. Achague jambo moja au mawili ya kweli kuhusu marehemu alipokuwa kijana, yale ambayo mwanawe angependa kuyasikia. Kama marehemu alikuwa kiranja wa chakula aliyegawa ugali kwa haki, hilo lisemwe. Kama alitoroka shule kwenda kutazama mpira, nalo lisemwe, ikiwa mama wa nyumba anacheka. Yenye aibu yabaki bwenini. Mtoto aliyefiwa akiwa mdogo hana baba wa ujana ila yule anayesimuliwa na watu kama ninyi, na kwa desturi zetu ninyi ni baba zake wakubwa na wadogo. Kina mama waliosoma pamoja hali kadhalika. Tumeona mabinti wakikaa usiku kucha wakimsikiliza mama mkubwa wasiyewahi kumwona akiwaeleza jinsi mama yao alivyokataa kuolewa kabla ya kumaliza kidato cha nne.

Wasioweza kusafiri waandike barua. Narudia, barua ya karatasi. Ujumbe wa simu unafutika simu inapoibiwa, bali barua inakaa kwenye sanduku pamoja na vyeti, na mtoto ataisoma akiwa na akili ya kuielewa.

Kamati ya nyumbani kwa aliyepata habari nayo ina kazi. Anayesema kwenye jumuiya, "Nimesikia rafiki yangu wa shule alifariki zamani," asijibiwe kwamba ni ya zamani hayo. Watu wawili watatu wamtembelee jioni, wampe pole kama mfiwa, wamwache aeleze habari za mwenzake. Inachukua saa moja. Tumeshuhudia wazee wakipata nafuu kwa saa hiyo kuliko kwa maneno mengi ya mimbarini.

Kuwatafuta walio hai bado

Wengine wakishapata habari moja ya namna hii huanza kuhangaika juu ya waliobaki. Ni vizuri. Vikundi vya simu vimerahisisha kazi, ila vinawafikia wenye simu za kisasa, na wale ambao maisha yaliwaelemea ndio hawamo. Njia za zamani bado zinafanya kazi. Shule nyingi zina rejesta ya kuandikisha wanafunzi, yenye jina la mzazi na kijiji. Kwa Wakatoliki, parokia inatunza kitabu cha ubatizo, na kwa utaratibu wa Kanisa ndoa ya mbatizwa huandikwa pembeni ya jina lake hata kama alifunga ndoa mkoa mwingine, kwa kuwa parokia ya ndoa inatakiwa kupeleka taarifa kule alikobatizwa. Kwa hiyo ofisi ya parokia ya kwao inaweza kuwa ndiyo pekee inayojua mtu alioa wapi. Vitabu hivyo vina siri za watu, na paroko ana haki ya kukataa kuvifungua kwa kila anayeomba. Mwombeni awatumie salamu zenu kwa mhusika badala ya kuomba mpewe anwani.

Neno kwa wahisani. Mara nyingi baada ya orodha ya marehemu kusambaa, watu huchangishana, na jambo hilo ni jema. Lakini matapeli nao husoma. Namba ya simu iliyotumwa na mtu asiyejulikana, yenye maelezo kwamba ni ya mjane, isipokee fedha kabla mtu hajapiga simu parokiani au kwa mwenyekiti wa kijiji na kuthibitisha. Mchango ukipita kwa mweka hazina mmoja mwenye daftari, kila aliyetoa ataonyeshwa ulikofika. Tunashauri pia kwamba sehemu ya rambirambi ya kuchelewa ielekezwe kwenye gharama ambazo familia haiwezi kuzikwepa ikidai haki zake: nauli ya wilayani, ada ya kiapo, nakala za vyeti. Ni fedha ndogo, na zimewashinda wajane wengi.

Ya kujadili kwenye kikao

Tunapendekeza kila kamati itenge nusu saa. Mwulizane ni wajane na wagane wangapi katika parokia yenu wana karatasi zenye majina yasiyolingana, na ni nani bado yu hai aliyesoma, aliyefanya kazi au aliyepita JKT na marehemu. Mwulizane kama vitabu vyenu vya vifo vimejazwa hadi mwaka huu, au vilisimama alipohamishwa katekista. Na mwenye kamati aliye na habari ya aina hii kifuani mwake apewe nafasi ya kuisema asipokatizwa.

Kisha kila mmoja akifika nyumbani atafute picha ya darasa lake. Aigeuze, aandike majina ya wote anaowakumbuka, la shuleni, la utani, na la kwao kama analijua, mstari kwa mstari kuanzia kushoto. Mtumie kalamu ya risasi, mkiandika polepole bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida hupenya karatasi ya picha za zamani na kutokea kwenye nyuso.